Seti ya Kudarizi Iliyokawia Njiani

Miongoni mwa hasara ambazo mtu wa zama zetu huona haya kuzilalamikia mbele ya watu, hasara ya kungoja seti ya kudarizi iliyoagizwa kwa intaneti na isiyofika kwa wakati wake imo katika safu ya mbele, kwa sababu mlalamikaji hujua kabla hajafumbua kinywa kwamba ataulizwa kama maduka ya mjini yamekosa uzi na sindano, kama nyumba yake imeingiwa na njaa kwa kukosa maua ya kushona juu ya kitambaa, na kama hana jambo jingine la kumshughulisha. Maswali hayo yana kejeli, na kwa kiasi fulani yana haki. Lakini mimi naona kwamba wepesi huo wa jambo ndio unaolifanya listahili kuchunguzwa, maana mgonjwa angojaye dawa, au fundi angojaye kipuri cha mashine, ana maumivu na hasara nyingine zilizojichanganya na kungoja kwake, ilhali mwenye kungoja kitu cha kujifurahisha hana linalomsumbua ila kungoja kwenyewe, na fedha yake iliyokwisha ondoka, na ahadi aliyopewa. Katika hali hiyo ni rahisi kupambanua nani aliyemkawiza, kwa sababu gani, na ni kipi hasa kilichomuudhi.

Seti ninayoikusudia ni ile inayofungwa katika mfuko mmoja: kipande cha kitambaa chenye matundu ya kuhesabika, nyuzi za rangi zilizopangwa kwa namba, sindano butu moja au mbili, na karatasi ya vyumba vyenye alama zinazomwelekeza mshonaji rangi ipi iingie tundu lipi. Bei yake si kubwa, uzito wake aghalabu haufiki nusu kilo, na bahasha nene yatosha kuichukua. Basi kitu kidogo namna hiyo, kisichooza wala kuvunjika, wala kuhitaji kibali cha mtu, kinawezaje kulipiwa mwanzo wa mwaka na kuonekana baada ya masika kupita, au kutoonekana kabisa?

Jibu la haraka ni umbali, na jibu hilo halitoshi. Watu wa pwani hii waliagiza vitu vya mbali karne nyingi kabla ya kuwako waya wa simu: mfanyabiashara wa Lamu au wa Unguja aliyetaka nguo za Kachi au vyombo vya Maskati alipeleka salamu na fedha pamoja na jahazi lililoondoka na kusi, akapokea bidhaa yake majahazi yaliporudi na kaskazi, yaani baina ya Desemba na Machi, na muda wote uliokuwa katikati aliuhesabu kuwa ni sehemu ya biashara. Hapana aliyemshutumu nahodha kwa kutoonekana bandarini mwezi wa Julai, kwa kuwa kila mtoto alijua kwamba upepo wa mwezi huo huvuma kinyume cha njia yake. Ulipofunguliwa Mfereji wa Suez mwaka 1869, na meli za moshi za kampuni ya British India zilipoanza kuleta barua Unguja kutoka Aden mwaka 1872, muda ule ulipungua. Na mwaka huo huo wa 1872, katika mji wa Chicago, Aaron Montgomery Ward alitoa karatasi moja yenye orodha ya bidhaa 163 ambazo mkulima wa mashambani angeweza kuziagiza kwa barua bila ya kumwona muuzaji uso kwa uso. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Oktoba 1874, wajumbe wa nchi zaidi ya ishirini walitia sahihi mjini Bern mkataba uliozaa Umoja wa Posta Duniani, ambao hata leo ndio unaoamua kifurushi cha nchi moja kipokewe vipi katika nchi nyingine. Na wadarizi wenyewe hawakuwa wa mwisho katika safari hiyo, kwani tangu nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa wanawake wa Uingereza na Marekani walikuwa wakingoja michoro ya rangi na sufu zitokazo Berlin.

Kungoja, basi, kumefupika sana tangu siku hizo, na manung'uniko yameongezeka. Wako wanaosema kwamba sababu ni watu wa leo kukosa subira, na mimi siwakubalii, kwa sababu mtu yule yule anayenung'unikia seti yake hungoja mwaka mzima embe zimee upya mtini wala asiseme neno. Dai langu ni kwamba anayeagiza seti leo hakawizwi sana na masafa; hukawizwa mahali ambapo kitu hutoka mkono mmoja na kuingia mkono mwingine, na kinachomchoma zaidi ya zile siku zilizozidi ni kwamba katika makabidhiano yote hayo hapana hata mmoja aliyejitwika dhima ya kumweleza kilichotukia.

Tuanze na chanzo kilicho mbali kabisa na macho ya mnunuzi, nacho ni umbo la seti yenyewe. Anayenunua uzi hununua kitu kimoja. Anayenunua seti hununua mapatano baina ya viwanda vinne au vitano ambavyo pengine havijuani. Kitambaa aghalabu ni kile kiitwacho Aida, ambacho nyumba ya Zweigart ya Ujerumani imekifuma tangu mwaka 1890, na ambacho hupimwa kwa idadi ya vyumba katika inchi moja, 14 au 16 au 18, hata mtu akibadilisha kipimo picha nzima hubadilika ukubwa. Nyuzi zaweza kuwa za DMC, nyumba iliyoasisiwa Mulhouse, nchini Ufaransa, mwaka 1746, ambayo namba zake za rangi zimekuwa lugha ya wadarizi wa dunia nzima, kiasi kwamba ukitaja 310 mahali popote wanapodarizi utapewa nyeusi bila ya maelezo. Sindano zina historia yao, iliyopita katika mji mdogo wa Redditch, Uingereza, ambao katika karne ya kumi na tisa ulikuwa ndio mfalme wa sindano duniani. Karatasi ya mchoro huchapwa kwingine, na mfuko kwingine tena. Sasa ikikosekana namba moja tu ya rangi, tuseme kijani cha majani ya waridi, mtengenezaji hawezi kutia kijani kilicho jirani yake, kwa kuwa karatasi imekwisha chapwa na mnunuzi hulinganisha namba kwa namba. Basi seti zilizotimia kila kitu isipokuwa uzi wa urefu wa mikono michache hulala ghalani kama zisizo na kitu. Kiwanda kikubwa hujikinga na balaa hilo kwa kuweka akiba ya kila rangi, lakini msanii mdogo anayechora mwenyewe na kufunga mifuko juu ya meza ya chakula hana mtaji wa akiba, hununua kidogo kidogo kadiri oda zinavyoingia. Kwa hiyo seti nzuri kuliko zote, zenye michoro isiyofanana na ya mwingine, ndizo zinazochelewa zaidi, na mwenye kuzitamani afadhali ajue hivyo mapema.

Kwa seti zitokazo Uchina kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wetu husahau kila mwaka na kila mwaka huwapata. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia baina ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na wafanyakazi wa viwandani hurudi kwao mikoani kwa majuma kadhaa, hata oda iliyowekwa siku chache kabla yake hukuta milango imefungwa, ilhali mtandao wa muuzaji, usiokuwa na sikukuu, unaendelea kupokea fedha usiku na mchana.

Chanzo cha pili ni kizito zaidi, na kwa maoni yangu ndicho chenye lawama. Katika wauzaji wa intaneti wako wengi wasiokuwa na ghala wala bidhaa: wana picha, bei, na mahali pa kulipia, na mnunuzi akishalipa ndipo wao humwagizia mtengenezaji ampelekee moja kwa moja, wakibaki na tofauti ya bei. Mtu wa namna hii huandika kwamba bidhaa ipo, ilhali hajui kama ipo. Na itakapochelewa hana la kumjibu mnunuzi, maana naye anamngoja mwingine. Wanazuoni wa fikihi walilizungumza jambo hili kabla ya intaneti kwa zaidi ya miaka elfu moja. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho; na imepokewa vile vile kwamba alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende za mwaka mmoja au miwili ijayo, naye hakuipiga marufuku biashara ile, ila aliwataka wailipie kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, na muda unaojulikana. Mauzo hayo ndiyo yaitwayo salam, na maulamaa wa madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, walishurutisha bei ilipwe papo hapo kikaoni na bidhaa ielezwe sifa zake hata ugomvi usipate mlango. Nayaleta haya bila ya nia ya kutoa fatwa, kwani hiyo si kazi yangu. Nayaleta kwa sababu yanaonyesha kwamba kulipia kabla ya kupokea ni biashara ya kale na ya halali, na kwamba uhalali wake umesimama juu ya nguzo tatu: bei iliyolipwa, sifa zilizoelezwa, na muda unaojulikana.

Mtazame sasa muuzaji wa seti. Bei huipokea yote kikaoni, bila ya kukopesha hata senti. Sifa za bidhaa huzieleza kwa ufasaha unaopita wa wauzaji wa tende: upana wa kitambaa, idadi ya rangi, picha ya kazi iliyokamilika ikiwa ukutani katika fremu. Lakini akifika kwenye nguzo ya tatu ulimi wake huwa mzito, akaandika siku za kazi 15 hadi 45, tena kwa makadirio, tena zihesabiwe tangu siku ya kutumwa na si siku ya kulipwa, hali siku ya kutumwa anaijua yeye peke yake. Ahadi yenye mwanzo usiojulikana na mwisho wa makadirio haimfungi mtu, na aliyeiandika alijua hivyo alipoiandika.

Wale wanaochangisha fedha za mradi kabla ya kuutengeneza, kama wafanyavyo wasanii katika Kickstarter tangu ilipofunguliwa mwaka 2009, angalau husema waziwazi kwamba mchangiaji anasaidia jambo lizaliwe. Mtafiti Ethan Mollick alipoichunguza miradi hiyo alikuta kwamba zaidi ya asilimia 75 ilitoa bidhaa baada ya muda ulioahidiwa, na kwamba iliyopata fedha nyingi kuliko ilizoomba ndiyo iliyozidi kuchelewa. Jambo hilo huwashangaza watu, na halina ajabu: aliyejipanga kufunga seti mia juu ya meza ya nyumbani, akiletewa fedha za seti elfu tatu, inambidi atafute nyumba, watu, na mashine, ambavyo havikuwamo katika hesabu yake.

Seti ikishatoka ghalani hupewa namba, na namba hiyo imekuwa sababu ya udanganyifu mwingi, ingawa yenyewe imebuniwa kwa hekima. Kwa utaratibu wa Umoja wa Posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi itokako, CN kwa Uchina, GB kwa Uingereza, KE na TZ kwa sisi; na ile tarakimu ya tisa hupatikana kwa kuzikokotoa nane zilizotangulia, ili karani akikosea kuandika mashine imgutushe. Lakini namba huzaliwa muuzaji anapochapa lebo, si posta inapopokea kifurushi, na baina ya matukio hayo mawili yaweza kupita juma zima au majuma matatu, mnunuzi akiitazama namba yake asubuhi na jioni akidhani kitu kimo safarini, kumbe bado kimo rafuni au hakijafungwa. Tena namba huonyesha zile nyakati tu ambazo mtu alikielekezea kifurushi taa ya mashine. Tangu kuondoka nchi ya kwanza hadi kupokewa nchi ya pili hakuna anayekielekezea taa, na kwa vifurushi vya daraja la chini kabisa, ambavyo ndivyo vitumwavyo kwa kile wanachokiita usafirishaji wa bure, habari zaweza kukoma mpakani zisiendelee tena. Bure hiyo ina asili yake. Tangu mwaka 1971 posta inayotuma huilipa posta inayopokea malipo ya kufikisha, na kwa miaka mingi viwango vilikuwa vyepesi kwa nchi zilizohesabiwa kuwa bado zinaendelea, Uchina ikiwamo, hata Marekani ikatishia mwaka 2018 kujitoa katika Umoja, na mkutano usio wa kawaida ukafanyika Geneva Septemba 2019 kusuluhisha. Mnunuzi wa seti ya bei ndogo alifaidi unafuu huo bila ya kujua. Ila kinachosafirishwa kwa bei rahisi huwekwa nyuma ya foleni.

Kuhusu njia yenyewe sina mengi ya kusema, kwani vitu vidogo huja kwa ndege, na ndege haziishi kuruka. Mwaka 2020 zilipungua sana, na kwa kuwa sehemu kubwa ya barua za kimataifa husafiri katika tumbo la ndege za abiria, posta nyingi zilisimamisha huduma kwa nchi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Meli humgusa mnunuzi kwa njia ya mzunguko, kwa kumnyima muuzaji akiba yake: Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, na meli nyingi zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa kuogopa mashambulizi ya Bahari ya Sham tangu mwisho wa mwaka 2023, maghala ya Ulaya yalikawia kujaa. Kadhalika ndugu zetu walioko Marekani walipata mtihani wao tarehe 29 Agosti 2025, siku nchi hiyo ilipoondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 kutoka nchi zote, na posta za nchi nyingi zikaacha kwa muda kupeleka bidhaa huko, hata seti iliyokwisha lipiwa Ulaya ikabaki Ulaya. Katika yote hayo umbali haukuongezeka hata maili moja ila kwa meli zilizozunguka Rasi. Na kwa vifurushi vya Marekani kilichobadilika ni karatasi tu.

Karatasi ndiyo inayotufikisha forodhani, ambako watu wengi huamini kwamba ndiko kwenye ukawiaji wote, na kwamba karani wa forodha hukalia vifurushi kwa inda. Sikatai kwamba wapo makarani wazito. Lakini ni vema kutazama alichopewa karani. Shirika la Forodha Duniani lina orodha ya bidhaa zote ziuzwazo ulimwenguni, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 1988, na katika orodha hiyo seti ya kudarizi ina kifungu chake peke yake, namba 6308, kinachozitaja seti za kitambaa na uzi, pamoja na vikorokoro vyake au bila ya hivyo, za kutengenezea mazulia, mapazia ya ukutani, vitambaa vya meza vya kudarizi na mfano wake, zilizofungwa kwa kuuzwa rejareja. Yaani mtu mmoja alikaa kitako akaifikiria seti hii kwa makini hata akaipa mlango wake katika sheria za biashara ya dunia! Hata hivyo muuzaji, anapojaza fomu ya CN22 inayobandikwa juu ya kifurushi, huandika neno moja, zawadi, au sanaa, na thamani aliyoipunguza akidhani anamfanyia hisani mnunuzi. Na karani, akiona zawadi iliyotoka kiwandani yenye thamani ya dola moja, hukiweka kifurushi kando mpaka mwenyewe aje na risiti. Tangu mwaka 2021 taarifa hizo zatakiwa zitangulie kwa njia ya kompyuta kabla ya kifurushi chenyewe, na kisichotanguliwa na taarifa huzuiliwa au hurudishwa. Ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, ni mambo yanayohesabika kwa dakika chache. Asiyehesabika ni mnunuzi ambaye hakuambiwa kwamba anangojewa.

Hapa ndipo pana kichekesho cha mwisho cha safari. Fomu ya muuzaji wa ng'ambo hutaka jina la mtaa, namba ya nyumba, na jimbo, na pengine hulikataa sanduku la posta. Na mtu wa Mombasa, ambaye barua zake zote zina 80100, namba inayotaja ofisi ya posta wala haitaji mtaa, hubuni anwani ili fomu imkubalie. Tanzania ilijitahidi kuandika anwani za makazi kabla ya Sensa ya Agosti 2022, ikabandika namba milangoni na kuzipa majina barabara zilizokuwa hazina, lakini muuzaji aliyeko Leeds, Uingereza, hana habari nazo. Kifurushi hufika mjini, huandikiwa kijikaratasi cha wito, kijikaratasi hicho hutiwa katika sanduku ambalo mnunuzi huliazima kwa mwajiri wa shemeji yake, na siku zinapita seti ikimngoja mwenyewe posta, mwenyewe akiingoja seti nyumbani, mpaka muda wa kuhifadhi uishe na irudishwe ilikotoka.

Yupo msomi, David Maister, aliyeandika mwaka 1985 juu ya watu wanaosimama katika foleni, akabainisha kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kunakojulikana, na kusikoelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kulikoelezwa. Wazee wetu walioishi kwa misimu ya pepo wangemwambia kwamba wamelijua hilo tangu kuzaliwa. Mimi nitaongeza neno moja linalohusu kitu cha kujifurahisha. Wako wadarizi wasemao kwamba kungoja ni nusu ya raha, kwamba mtu huchagua mahali pa kuitundika kazi kabla hajashika sindano, na husafisha taa ya kusomea na kupanga viti. Nami nawasadiki, kwa siku zote zilizo kabla ya tarehe iliyoahidiwa. Siku moja baada ya tarehe hiyo raha hugeuka ukarani: mtu huyo huyo hujikuta akitunza picha za risiti, akihesabu siku za kazi na kuondoa Jumapili, akiandikia muuzaji barua za adabu ambazo hujibiwa na mashine. Alinunua kitu cha kumpumzisha na kazi, akapewa kazi.

Ushahidi kwamba habari huponya kuliko haraka uko karibu nasi. Mawakala wanaokusanya mizigo Guangzhou na kuipeleka Kariakoo au Nairobi kwa kontena hawana mwendo wa kasi, na mzigo wa baharini huchukua miezi. Lakini wateja wao huvumilia, kwa sababu yupo mtu mwenye jina na simu anayetuma ujumbe kwamba mzigo umepakiwa, umevuka, umefika, umekwama kwa sababu hii, njoo na kiasi hiki.

Serikali ya Marekani ililielewa jambo hili mapema. Kanuni ya biashara ya kuagiza kwa barua, iliyotolewa na Tume ya Biashara ya nchi hiyo mwaka 1975 na kuanza kutumika Februari 1976, humtaka muuzaji atume bidhaa katika muda alioutaja, au katika siku 30 ikiwa hakutaja. Akiona hawezi, ni lazima amjulishe mnunuzi na kumpa hiari ya kukubali muda mpya au kurudishiwa fedha zake. Na ikiwa ucheleweshaji mpya hauna mwisho unaojulikana, ukimya wa mnunuzi huhesabiwa kuwa amekataa, na fedha hurudi. Kanuni hiyo haikumtaka mtu afanye haraka. Ilimtaka aseme. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake la mwaka 2011, umeweka siku 30. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, na Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na zote mbili zina vifungu vya kumkinga anunuaye kwa mtandao. Ila hakimu wa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, hana mkono wa kumfikia muuzaji aliyeko Yiwu, Uchina, wala hakuna mwenye akili atakayefungua shauri la kimataifa kwa ajili ya waridi za nyuzi.

Kwa hiyo kinga ya mnunuzi wetu imo zaidi katika njia aliyolipia kuliko katika vitabu vya sheria, na muuzaji mjanja anaijua hesabu yake. Aliyelipa kwa PayPal ana siku 180 tangu siku ya malipo za kufungua dai, na barua tamu za kumwomba avute subira kidogo mara nyingi huzidi kadiri siku hizo zinavyokwisha. Aliyetuma fedha kwa simu kwenda kwa namba ya mtu asiyemjua hana siku hata moja zaidi ya huruma ya aliyezipokea. Nawe msomaji, ikiwa seti yako imo katika hali hiyo hivi sasa, usimwandikie muuzaji kumwuliza lini itafika, kwa kuwa hajui. Mwulize ni siku gani aliikabidhi posta na akupe ushahidi wa kuikabidhi, kisha mtake yeye mwenyewe afungue maulizo katika posta ya nchi yake, maana mwenye mkataba na posta ni mtumaji, na mlango wa maulizo hufungwa miezi sita tangu kesho yake ya siku ile ya kukabidhi.